Mashine Iliyomkataa Baba

Kila Jumamosi asubuhi, Atupele alipomaliza kuosha vyombo na kufagia uwanja, alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kumtangulia baba yake kwenye nyasi.

Baba yake, Asajile, alikuwa dereva wa mashine ya kukata nyasi kwenye misheni moja iliyokaa juu ya kilima, huko Ihanda. Haikuwa ile ya kusukuma kwa mikono. Hii ilikuwa ya kupanda, yenye kiti, usukani na magurudumu manne, mfano wa trekta lililodumaa. Visu vyake vilikaa chini ya tumbo, ndani ya bati pana. Dereva aliwasha injini, akavuta swichi ya njano iliyokuwa karibu na usukani, na hapo visu vilianza kuzunguka kwa mvumo uliosikika mpaka kwenye mashamba ya kahawa ya ng'ambo ya bonde. Watoto wa misheni waliiita Kitrekta.

Atupele, ambaye alikuwa darasa la sita, alikwenda mbele akiokota mawe, vijiti na vipande vya chupa, akivitia ndooni.

"Okota vizuri, mama," baba yake alikuwa akimwambia kwa sauti ya kushindana na injini. "Jiwe likimezwa na visu hutoka kama risasi. Halichagui wa kumpiga."

Mdogo wake, Brayan, ambaye hata shule ya awali alikuwa hajaanza, aliachwa kwenye baraza la zahanati ya misheni mpaka kazi iishe. Injini ilipozimwa tu, alikimbia na kumparamia baba yake. Mtoto yule alikuwa wa baba kabisa. Alikula sahani moja na baba, na jioni hakupata usingizi mpaka alazwe kifuani pa baba.

Asajile alikuwa pande la mtu. Alipohamia Ihanda akitoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza, alikuja na vumbi la mawe la miaka mingi kifuani mwake, lakini nguvu alikuwa nazo. Msimu wa kahawa alinyanyua gunia peke yake na kulitia begani kama mtu anayembeba mwanawe. Wiki ya kwanza tu alipokikalia kiti cha Kitrekta, springi zilivunjika, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ikabidi fundi aitwe kutoka Tunduma kuweka springi nyingine ngumu, zilizotolewa kwenye pikipiki. "Sasa kaa utakavyo," fundi alimwambia. "Hizi hata tembo zitambeba."

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Mvua za mwaka huu zilipoanza, Asajile alianza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mtu aliyenyeshewa. Mama yake Atupele, Enesi, alimchemshia tangawizi. Kikohozi kilitulia kidogo, kikarudi. Asajile akaanza kuvaa koti zito hata jua likiwa kali, na alipoulizwa alisema baridi ya huku Mbozi siku hizi imezidi. Asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa jasho. Mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya kwa msumari, baadaye akatoboa jingine.

Watu wanaoishi na mtu kila siku huchelewa kuona anavyopungua. Enesi aliona, lakini kila alipouliza, mumewe alimjibu kwa mzaha. "Mke wangu, umezoea kuolewa na gunia. Acha nami niwe kijana."

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, Atupele alizunguka nyuma ya banda la mashine kutafuta ndoo yake. Akamkuta baba yake ameinama, mkono mmoja umeshika ukuta, akikohoa kikohozi kilichomtikisa mwili mzima. Alipoinuka, alikuwa amejifuta mdomo kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa na damu.

Atupele alirudi hatua moja nyuma.

Baba yake alikikunja kile kitambaa haraka na kukitia mfukoni. Akachuchumaa mbele ya binti yake, akamshika mabega.

"Hiki ni kidonda kidogo cha koo," alisema. "Kitapona. Lakini usimwambie mama yako, umesikia? Atahangaika bure. Na hapa misheni wakisikia, wataniondoa kwenye mashine. Hii ni siri yetu, mimi na wewe. Mtoto mwema hatoi siri ya baba yake."

Atupele alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amefundishwa kuwatii wazazi, na baba alikuwa hajawahi kumwomba jambo zito namna ile. Alijiona amepewa heshima. Lakini tangu siku hiyo, kila baba alipokohoa, Atupele alihisi kama kuna kitu kimemkaa kooni, hakishuki wala hakitoki.

Ilipofika Februari, Kitrekta nacho kikaanza matatizo yake.

Kilianza kwenye matuta. Asajile alikuwa akikata nyasi uwanjani, na gurudumu lilipopanda kichuguu, visu vilisimama ghafla. Injini iliendelea kunguruma, magurudumu yaliendelea kwenda, ila visu, kimya. Alirudisha swichi ya njano, akaivuta tena, visu vikazunguka. Baada ya hatua chache vikasimama tena.

"Mashine imezeeka," alisema. "Tuivumilie."

Kila wiki hali ilizidi kuwa mbaya, na mwishoni mwa Machi visu viligoma kabisa. Asajile alikaa kitini, akawasha, akavuta swichi. Hakuna. Akazima, akawasha upya, akavuta. Hakuna.

Hapo alianza kutafuta tatizo, na Atupele alimshikia spana. Alichomoa waya wa plagi kwanza, ili injini isije ikawaka mikono ikiwa karibu na visu. Akaangalia mkanda unaozungusha visu: ulikuwa mzima na umekaza. Akakwangua nyasi zilizogandamana ndani ya bati. Visu alivisukuma kwa kijiti, vikazunguka vilaini bila kukwama. Akabadilisha fyuzi. Akapeleka betri ikachajiwe. Alikuwa akifungua boliti moja, anapumzika, anapumua kwa shida, kisha anafungua nyingine. Alipomaliza kufunga kila kitu, alipanda kitini, akawasha na kuvuta swichi.

Hakuna.

Asajile aliinamisha kichwa kwenye usukani. "Hata wewe?" aliiambia mashine kwa sauti ya chini. Atupele alisikia, akajifanya hakusikia.

Pasaka ilikuwa imekaribia, na misheni ilitarajia wageni wa sharika nyingi. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Mchungaji Yesaya, msimamizi wa misheni, alimpigia simu fundi yule wa Tunduma aitwaye Fanueli.

Fanueli alifika kesho yake kwa pikipiki, boksi la vifaa limefungwa nyuma. Alikuwa mtu wa tumbo na vicheko, na kwa kuwa kazi zake nyingi zilikuwa na Wazambia wa mpakani, salamu yake ilikuwa ya Kibemba popote aendapo.

"Mulishani!" aliita.

"Bwino!" watoto waliitikia kwa furaha, wakamzunguka.

Ilikuwa siku ya likizo, hivyo baraza lilijaa. Wapishi walitoka jikoni, mlinzi akasogea, na Nesi Ketrina wa zahanati akasimama mlangoni pake. Fanueli alimpa Asajile mkono. Hapo hapo tabasamu lake likapungua, akauangalia ule mkono aliokuwa ameushika. Akaanza kazi.

Alirudia yote ambayo Asajile alikuwa ameyafanya. Mkanda, mzima. Fyuzi, nzima. Betri, ina nguvu. Klachi ya umeme, ile inayoshika visu ili vizunguke na injini, aliipima kwa kifaa chake na kuikuta haina kasoro.

"Haya ni maajabu," alisema akijifuta mafuta. "Kila kitu kizima. Hebu nijaribu mwenyewe."

Alipanda kitini, akawasha injini, akavuta swichi ya njano. Visu vikalia vuuu! Nyasi zikaruka pembeni.

Watu walipiga makofi. Fanueli akazima, akashuka, akamkaribisha mwenye mashine. Asajile alipanda kwa furaha, akawasha, akavuta swichi.

Kimya.

Fanueli alipanda tena. Visu vikazunguka. Asajile akapanda. Visu vikagoma.

Kicheko kikalipuka barazani. "Imemkataa!" mpishi mmoja alipiga kelele. "Baba Atupele, mashine imekukataa!" Watoto nao wakaipokea wakaimba, "Imemkataa! Imemkataa!" Brayan, asiyejua kinachochekwa, aliruka juu na kupiga makofi pamoja nao.

Atupele hakucheka. Alimwangalia baba yake juu ya kile kiti, amevaa koti kubwa lililomning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye kigingi, na kwa mara ya kwanza alimwona kama anavyoonekana na mgeni.

Fanueli pia hakucheka. Alimwomba Asajile ashuke, akainua kiti na kuchungulia chini yake. Alibonyeza kitu kwa kidole mara kadhaa. Akarudisha kiti taratibu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani wengine wasisikie.

"Baba Atupele, chini ya kiti hiki kuna swichi. Dereva akikaa, uzito wake unaibonyeza, na mashine inajua kuna mtu, inaruhusu visu. Kiti kikiwa kitupu, visu havizunguki. Swichi ni nzima. Springi ndizo ngumu, nilikuwekea mwenyewe kwa ajili ya uzito wako." Aligusa kiti kwa kiganja. "Ule uzito haupo tena, kaka. Mashine inadhani hakuna mtu aliyekaa."

Kicheko barazani kilikatika kama kamba.

"Fundi, acha maneno," Asajile alisema kwa hasira. "Unganisha waya moja kwa moja, visu vizunguke hata kiti kikiwa kitupu. Kule Tunduma si mnafanya hivyo?"

"Wapo wanaofanya. Na mmoja wao leo anatembelea mguu mmoja. Swichi hii iliwekwa ili mtu akidondoka visu visimame kabla havijamfikia. Mimi siwezi kuiziba mdomo kwa kuwa imesema kweli."

"Nimepungua kidogo tu! Ni njaa ya masika, kila mtu hupungua!"

Mchungaji Yesaya alishuka barazani, akamshika Asajile mkono. "Kama ni kidogo, ndugu yangu, twende kwenye banda la kahawa. Mizani iko pale."

Asajile hakuweza kukataa mbele ya watu wote. Alivua koti, na wale waliocheka walitazama chini. Akapanda juu ya bamba la mizani, pale ambapo kila msimu alikuwa akishusha magunia. Mshale ulipanda kidogo, ukatikisika, ukatulia.

Hakuna aliyeusoma kwa sauti. Asajile aliusoma mwenyewe.

"Gunia moja la kahawa," alisema. "Gunia moja tu linanizidi uzito."

"Una shida gani, Baba Atupele?" Mchungaji aliuliza kwa upole.

"Sina shida. Ni baridi."

Atupele alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, amemshika Brayan mkono. Alikumbuka ahadi aliyoitoa nyuma ya banda la mashine. Mtoto mwema hatoi siri ya baba yake. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mshale wa mizani, na kile kitu kilichomkaa kooni miezi yote kilipanda kwa nguvu asizoweza kuzizuia.

"Baba anatema damu," alisema.

Watu wote waligeuka.

"Tangu kabla ya Krismasi. Aliniambia nisiseme." Akaanza kulia. "Nisamehe, baba. Nisamehe."

Alitarajia baba yake afoke. Asajile hakufoka. Aliketi pale pale juu ya mizani, akaufunika uso kwa viganja vyake, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa hana nguvu za kuutua mwenyewe.

Nesi Ketrina alitembea haraka kutoka zahanati akiwa na barakoa mkononi.

Hospitali ya Vwawa walimpima makohozi na kumpiga picha ya kifua. Daktari alimweleza Enesi bila kuficha. Mumewe ana kifua kikuu. Huo ni ugonjwa unaotibika, na dawa zake hazilipiwi. Lakini vumbi la machimbo lilikuwa limeyachakaza mapafu tangu zamani, na ugonjwa umekaa humo muda mrefu bila kuguswa.

"Angekuja Novemba," daktari alisema, kisha hakuimalizia sentensi.

Familia nzima ikaitwa kupimwa. Enesi alikuwa salama. Atupele alikuwa salama. Brayan, aliyelala kifuani pa baba yake kila siku, alikuwa ameambukizwa.

Enesi aliposikia hilo hakulia. Alikaa kwenye sakafu ya ukumbi wa hospitali, akampakata mtoto, akamtikisa taratibu kama anayembembeleza, ingawa Brayan alikuwa macho na anauliza watakwenda lini nyumbani. Atupele aliketi kando yake. Alitaka mama yake amgombeze, ampige hata kofi. Mama hakumtazama. Ilikuwa afadhali kofi.

Baada ya wiki kadhaa za dawa, waliruhusiwa kukaa na baba nje ya wodi, kwenye benchi penye upepo. Siku hiyo Enesi alimpeleka Brayan kupimwa uzito, Atupele akabaki na baba yake. Asajile alizungumza kupitia barakoa, maneno machache, pumziko, maneno machache.

"Unajua kwa nini nilificha? Kule Saza nilikuwa na rafiki, Gwamaka. Tulichimba shimo moja. Alipoanza kukohoa, wenzetu walikitenga kikombe chake. Kisha sahani. Kisha naye mwenyewe. Alikufa kibandani peke yake, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomtenga." Alivuta pumzi. "Kikohozi kiliponijia, sikuogopa kufa. Niliogopa kikombe changu kitengwe."

"Sisi tusingekitenga, baba."

"Najua sasa. Nilikuwa sijawauliza." Alimwangalia kwa muda mrefu. "Nilikutwika siri ambayo hata mtu mzima ingemwelemea. Kosa lile ni langu, mwanangu. Siku ile kwenye mizani ulinifanyia jambo nililoshindwa kujifanyia. Kwa Brayan, uliwahi. Daktari ameniambia mdogo wako atapona."

"Na wewe?"

Asajile aliutazama mkono wake mwembamba uliolala juu ya goti. Aliunyoosha, akauweka juu ya kichwa cha binti yake, na ukakaa hapo mpaka mama aliporudi.

Alifariki mwezi wa Julai, kahawa ikiwa imeiva. Atupele alikuwa darasani. Mlango ulipogongwa aliinua macho, akamwona Mchungaji Yesaya amesimama nje na kofia yake ameishika kwa mikono miwili, akakusanya madaftari yake kabla hajaitwa jina.

Walimzika Ihanda. Fanueli alikuja kutoka Tunduma, akashika koleo pamoja na wanaume wengine na hakumwachia mtu. Yule mpishi aliyepiga kelele kwamba mashine imemkataa alipika chakula cha msiba siku zote, na kila alipopita mbele ya Enesi aliinamisha uso.

Msiba ulipoisha, Mchungaji alifika nyumbani kushauriana na Enesi juu ya maisha ya mbele. Enesi aliomba jambo moja: afundishwe kuendesha mashine ya mumewe. Wapo walionong'ona kwamba mjane na mashine wapi na wapi, lakini Mchungaji alikubali. Fanueli akaja kumfundisha, akabadilisha springi za kiti ziwe za kawaida, na kabla ya yote akamwonyesha ile swichi. "Shemeji, hii usiruhusu mtu aifunge waya. Hata siku moja." Siku ya kwanza Enesi alikata nyasi za uwanja mzima huku machozi yakimtiririka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Brayan aliendelea na dawa. Nyingine zilimchefua, akazikataa, akazitema, akabembelezwa. Kila siku Atupele alimpeleka zahanati akazimeze mbele ya Nesi Ketrina. Mashavu ya mtoto yalianza kujaa. Kabla mvua hazijarudi, siku ya mwisho ya dawa ikafika, na majibu ya vipimo yakaonyesha amepona.

"Huyu sasa ni mzima," Nesi Ketrina alisema, akimnyanyua juu. "Mzito kama jiwe la kusagia!"

Enesi alicheka, kicheko cha kwanza tangu Julai. Alipogeuka kumtafuta binti yake washangilie pamoja, hakumwona. Alimkuta nyuma ya zahanati, ameketi chini, magoti ameyakumbatia.

Enesi alimtazama vizuri. Aliona mifupa ya mabega chini ya sare ya shule. Alikumbuka sahani zilizokuwa zikirudi jikoni na ugali nusu.

"Atupele, unakohoa?"

"Hapana, mama. Nesi alinipima tena juzi. Sina."

"Basi nini kinachokutafuna?"

Atupele alichora mstari vumbini kwa kidole.

"Mwanangu, nimeshaishi na mtu mmoja aliyeniambia ni baridi tu. Sitaishi na wa pili."

Maneno yakatoka moja moja. "Ningesema... ile siku ya kwanza... baba angekuwa hai. Nilikaa na siri mpaka Brayan akaugua. Kila ninapoona Brayan anacheza, nafurahi, halafu nakumbuka. Nikila, nakumbuka. Nilidhani ukijua ninavyofikiri, na wewe utasema ni kweli."

Nesi Ketrina alikuwa amewafuata. Alisimama hatua chache nyuma, Brayan mkononi, akasubiri. Enesi aliketi chini kwenye vumbi, akamvuta binti yake.

"Sikiliza. Hospitali sikukutazama, nami nakumbuka. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa najilaumu mimi, mke wake, niliyelala kitanda kimoja naye, nikafua mashuka yaliyolowa, nikakubali kuambiwa ni ujana. Kila mtu katika nyumba yetu aliona kipande, na kila mtu akanyamaza. Baba yako kwa aibu, mimi kwa kuogopa jibu, wewe kwa utii. Mtoto hahukumiwi kwa utii wake."

Alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akaendelea polepole.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu huutumia usemi huo kuwasema wafu. Mimi sikuambii ili kumsema baba yako. Alikuwa mtu mwema. Nakuambia kwa ajili ya siku zilizobaki. Yapo mambo ya ndani ya kutunza, na mtu mwenye heshima huyatunza. Lakini ukiona mtu anaumia, au wewe mwenyewe unaumia, na ukaambiwa nyamaza, hiyo si ya kutunza. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Asiposikia, mwambie mwingine. Ukionekana mtoto mbaya, sawa, onekana. Bora mtu akukasirikie akiwa hai kuliko akusifu kwa kunyamaza, kisha afe."

"Na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili," Nesi Ketrina aliongeza kwa sauti ya chini, "hakisubiri tangawizi. Mlango huu uko wazi, wala hatuna kikombe tunachokitenga."

Atupele aliuficha uso wake begani kwa mama. Siku ya mazishi hakulia. Watu walimsifu kwamba ni msichana jasiri. Sasa alilia kwa sauti, kilio kirefu cha mtoto, na mama yake hakumnyamazisha. Brayan alishushwa chini, akaja kwa kutambaa kwa magoti, akajipenyeza katikati yao wawili.

"Usinifiche tena," Enesi alisema alipotulia.

"Sitakuficha, mama."

"Sasa niambie. Una njaa?"

Atupele alijisikiliza kidogo, kama mtu anayetafuta jibu la kweli.

"Kidogo," alisema.

Mama yake aliinuka, akajikung'uta vumbi, akampa mkono.

"Kidogo kinatosha kuanzia."